Shajara ya mradi: droni ya propela nne ya kupigia picha za ramani

Siku ya 1: mizani kabla ya bisibisi

Kazi inayotakiwa: kupiga picha za kiwanja cha hekta 4 (mita 200 kwa 200) kwa betri moja, na droni itue ikiwa bado na akiba. Sehemu zote zimechaguliwa kutokana na sentensi hiyo. Anayenunua mota kwanza kisha kutafuta kazi ya kuzipa huishia na chombo kizito kinachokaa hewani dakika sita.

Orodha ya uzito, kwa gramu:

- fremu ya milimita 450 kutoka mota hadi mota ya pembe ya mkabala: 282
- mota nne za 2212, KV 920: 224
- vidhibiti kasi vinne vya ampea 30: 110
- propela nne za inchi 10, hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 4.5: 50
- bodi ya udhibiti, GPS, kipokezi cha rimoti na redio ya takwimu: 105
- miguu: 100
- nyaya, plagi na skrubu: 80
- betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 3, mAh (miliampea-saa) 5,000: 400
- kamera: 120

Jumla ni gramu 1,471. Kwa betri hii kila mota husukuma takriban gramu 820 ikifunguliwa gesi yote (amri ya juu kabisa ya nguvu kutoka rimoti), yaani gramu 3,280 kwa zote nne. Uwiano wa msukumo kwa uzito ni 2.2. Chini ya 2 droni huelea, lakini upepo ukiisukuma haina nguvu ya ziada ya kujirudisha, kwa sababu mota ya upande ulioinama inakuwa imeshafika mwisho.

KV 920 maana yake mota isiyo na mzigo huzunguka mara 920 kwa dakika kwa kila volti. Kwa volti 11.1 za betri hii, hiyo ni mizunguko 10,200 hivi. Ikiwa na propela hupungua sana. Mota yenye KV kubwa hutaka propela ndogo, na yenye KV ndogo hubeba propela kubwa. Ukichanganya, mota huungua hata kama nyaya ni sahihi.

Siku ya 2: hesabu ya muda wa kuruka

Kila mota inabeba gramu 368 wakati wa kuelea. Kwa propela hii ufanisi ni kama gramu 7.5 kwa wati, hivyo kila mota hula wati 49 na zote nne wati 196. Gawanya kwa volti 11.1: ampea 17.7. Tukitumia asilimia 80 tu ya betri, yaani Ah (ampea-saa) 4, tunapata dakika 13 na nusu.

Asilimia 20 inayobaki haiguswi. Seli ya LiPo imejaa ikifika volti 4.2. Chini ya volti 3.5 ikiwa na mzigo, volti huanza kuporomoka ghafla, na seli ikizama chini ya 3.0 huharibika ndani na baadaye huvimba. Betri kubwa zaidi ilifikiriwa: mAh 8,000 ingeongeza gramu 230 hivi, na uwiano ungeshuka chini ya 2. Imekataliwa.

Siku ya 4: kulehemu

Waya wa betri ni wa geji 14, plagi ni XT60. Vidhibiti kasi vinne vimelehemiwa kwenye bati la kugawia umeme. Kiungo kizuri hung'aa na risasi hutambaa pembeni mwa waya kama maji. Kilichopoa vibaya huwa na rangi ya kijivu na hukaa kama tone. Viungo viwili vya kijivu vimerudiwa. Kiungo cha aina hiyo hupitisha umeme vizuri mezani, kisha hukatika kikitetemeshwa angani.

Kapasita ya mikrofaradi 470, volti 35, imewekwa pale umeme wa betri unapoingilia, kupunguza miruko ya volti inayotoka kwenye vidhibiti kasi.

Betri haikuchomekwa moja kwa moja. Mara ya kwanza umeme umepitishwa kwenye balbu ya gari ya volti 12, wati 21, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya chanya. Balbu ikimweka mara moja na kuzima, hakuna shoti. Ikiwaka na kubaki imewaka, chomoa utafute shoti. Hapo balbu huwa imeokoa vidhibiti kasi. Yetu ilimweka na kuzima.

Siku ya 5: mota zizunguke upande gani

Propela zote zimetolewa. Zitabaki mbali na meza. Propela ya inchi 10 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha yake huenda mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Wengi hukatwa vidole mezani wakati wa kurekebisha mipangilio, mota inapoamka bila kutarajiwa.

Mpangilio ni wa umbo la X: mota 1 mbele kulia na mota 2 nyuma kushoto huzunguka kinyume cha saa, mota 3 mbele kushoto na mota 4 nyuma kulia huzunguka kwa mwendo wa saa. Kila mota hujaribu kuzungusha fremu upande ulio kinyume na propela yake, na jozi mbili zikilingana fremu hutulia. Kutaka kugeuza pua kulia, bodi huongeza kasi ya jozi inayozunguka kinyume cha saa na kupunguza ile nyingine: jumla ya msukumo haibadiliki, lakini fremu inageuka. Kwenda mbele, mota za nyuma huongezwa na za mbele hupunguzwa. Droni huinama na sehemu ya msukumo huivuta mbele. Haina usukani wala mkia. Kila kitu kinatokana na tofauti ya kasi za mota nne.

Mota 2 na 4 zilikuwa zinazunguka kinyume na inavyotakiwa. Tiba yake: badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu zinazotoka kwenye kidhibiti kasi. Baada ya hapo gesi imesawazishwa: rimoti ikiwa juu kabisa betri inachomekwa, milio inasikika, stiki inashushwa hadi chini.

Siku ya 6: bodi ya udhibiti

Programu ya bodi ni ArduPilot. Bodi imefungwa katikati ya fremu, mshale ukielekea mbele, juu ya sponji ya gundi ya milimita 3.

Ndani ya bodi jairoskopu hupima kasi ya kugeuka, kipimamchapuko hupima mchapuko na upande wa mvutano wa dunia, barometa hukisia urefu kutokana na shinikizo la hewa, na dira huonyesha kaskazini. Bodi husoma vipimo, hulinganisha na pembe inayotakiwa, kisha hurekebisha mota mara 400 kwa sekunde. Binadamu hawezi kufanya hivyo kwa mkono. Ndege ya mabawa ikiachiwa usukani huweza kuendelea kuruka kwa utulivu kwa muda kidogo. Chombo cha propela nne kikikosa kompyuta kwa nusu sekunde hupinduka.

Kipimamchapuko kimesawazishwa kwa kuweka droni katika hali sita: kukaa sawa juu ya miguu, ubavu wa kushoto, wa kulia, pua chini, pua juu, na kichwa chini. Barometa imefunikwa kwa kipande cha sponji nyeusi, kwa sababu mwanga na upepo wa propela huiongopea urefu.

Siku ya 7: dira inadanganywa

GPS ina dira yake ndani, na ilikuwa imegundishwa juu ya bati la katikati, sentimita 3 kutoka waya wa betri. Mezani ilisoma sawa. Mota zilipopewa mzigo, mwelekeo ulihama digrii 30 na zaidi.

Sababu inapigiwa hesabu. Waya mmoja unaobeba ampea 18 huzalisha uga wa sumaku wa mikrotesla 120 ukiwa umbali wa sentimita 3. Uga wa dunia ni kati ya mikrotesla 25 na 65. Dira ilikuwa ikifuata uga wa waya wa betri.

Marekebisho mawili: GPS imepandishwa juu ya mlingoti wa sentimita 12, na waya chanya na hasi zimesokotwa pamoja ili uga wa mmoja uvunje wa mwingine. Mhamo umeshuka chini ya digrii 4. Skrubu ya chuma karibu na mlingoti imebadilishwa na ya nailoni.

Droni ambayo dira yake ni mbovu hutambulika angani: ukiiweka katika hali ya kubaki mahali pamoja kwa GPS, huanza kuzunguka kwa duara linalozidi kupanuka. Ikianza hivyo, rudi hali ya mkono isiyotegemea GPS na utue. Kuongeza gesi hakusaidii.

Siku ya 9: kinga za dharura

Zote zimejaribiwa bila propela, moja baada ya nyingine.

Rimoti ikizimwa, bodi inaingia hali ya kurudi nyumbani. Imethibitishwa kwenye skrini. Mtu akitegemea kinga hii bila kuijaribu, huigundua haifanyi kazi siku ambayo droni tayari iko mbali.

Urefu wa kurudi katika mpangilio wa awali wa programu ulikuwa mita 15. Umewekwa 35, kwa kuwa miti mirefu ya eneo la jaribio ni mita 22. Droni inayorudi nyumbani kwa mita 15 hukutana na tawi kwa uaminifu mkubwa.

Betri: onyo ikishuka hadi volti 10.8, kurudi nyumbani ikifika 10.5. Uzio wa kidijitali: nusu kipenyo cha mita 400, juu kabisa mita 100. Mota hazikubali kuamka mpaka GPS iwe na setelaiti za kutosha na HDOP, kipimo cha kosa la nafasi kutokana na mpangilio wa setelaiti, iwe chini ya 1.4. Ukaguzi huu hukera mtu mwenye haraka, na wengine huuzima wote ili tu mota ziwake. Hapa umeachwa wote.

Siku ya 10: kupinduka

Propela zimefungwa, mtu amesimama mita 6. Gesi ilipofika nusu droni iliinuka sentimita 10, ikaegemea kushoto na kulala juu ya kichwa chake ndani ya nusu sekunde. Propela moja imevunjika.

Waya za ishara za mota 3 na 4 zilikuwa zimebadilishana kwenye bodi. Kosa hili lilipita ukaguzi wa siku ya 5, kwa sababu mota zote mbili huzunguka kwa mwendo wa saa na upande wa mzunguko ulionekana sahihi. Bodi ilipohisi kuegemea kushoto iliagiza mota 3 ya mbele kushoto iongeze kasi, ila agizo lilikwenda kwa mota 4 ya nyuma kulia, iliyozidi kuinua upande huo. Ndiyo maana ilipinduka kwa kasi hivyo.

Kipimo sahihi: tumia jaribio la mota kwenye kompyuta bila propela. Mota huzungushwa moja moja kwa kufuata mwendo wa saa, kuanzia mbele kulia. Isipofuata mpangilio huo, waya zimechanganyika. Zimerudishwa.

Siku ya 12: mtetemo

Droni imeelea kwa mara ya kwanza, mita 3 kutoka ardhini. Ilipanda juu kidogo kidogo yenyewe hata stiki ikiwa katikati.

Kumbukumbu za safari zinaonyesha mtetemo wa mita 38 kwa sekunde ya mraba. Chini ya 30 ni salama. Juu ya 60 karibu kila mara huleta matatizo ya kushika nafasi au urefu. Mtetemo mwingi hukichanganya kipimamchapuko, bodi ikadhani inaanguka na kuongeza gesi.

Propela ziliwekwa kwenye kipima ulinganifu, kijiti kinachoshikwa kati ya sumaku mbili. Mbili zilikuwa na upande mmoja mzito. Kipande cha selotepu upande mwepesi kimerekebisha moja. Ya pili ilikuwa na ufa kwenye shina, imetupwa. Baada ya hapo kipimo ni 14. Propela ni kati ya vitu vya bei nafuu zaidi kwenye chombo hiki, na ina uwezo wa kukiangusha peke yake. Iliyochubuka haifai kubandikwa gundi.

Siku ya 14: kuelea mpaka akiba

Upepo ulikuwa mdogo. Dakika 12 na sekunde 40 mpaka onyo la kurudi. Chaja imerudisha mAh 4,050. Wastani ni ampea 19.2, juu kidogo ya hesabu ya siku ya 2. Bodi, redio na mvumo mdogo wa upepo vinaeleza tofauti hiyo. Hesabu na hewa vikikaribiana hivi, mota na propela zinafaana.

Betri imechajiwa kwa ampea 5 (mara moja ya uwezo wake), ikiwa ndani ya mfuko usioshika moto, kwenye sakafu ya saruji, huku mtu akiwepo. Tofauti kati ya seli ni volti 0.01. Inayokaa zaidi ya siku tatu bila kutumika huwekwa volti 3.8 kwa seli. Betri iliyovimba hairuki tena, hata ikiwa inaonyesha volti nzuri.

Siku ya 16: kushuka

Jaribio la kushuka wima kwa mita 4 kwa sekunde liliifanya itikisike kama ngarawa kwenye wimbi. Propela zilikuwa zinaingia kwenye hewa zilizoisukuma zenyewe chini, hewa hiyo ikizunguka kama pete na msukumo kupotea. Kuongeza gesi hapo huongeza pete. Tiba ni kusogea mbele au pembeni kutoka kwenye hewa iliyovurugika. Kushuka kumewekewa kikomo cha mita 1.5 kwa sekunde, na mita 10 za mwisho ni nusu mita kwa sekunde.

Siku ya 18: ramani

Kamera ina kihisi cha upana wa milimita 6.17 na kimo cha milimita 4.55, pikseli 4,000 kwa upana, lenzi ya milimita 4.5. Kwa mita 60 kila pikseli hufunika sentimita 2.06 ardhini, na picha moja hufunika mita 82 kwa 61. Picha lazima zilaliane ili programu ilinganishe alama moja katika picha nyingi: asilimia 75 kwa mwendo wa mbele, 65 kwa ubavu. Kwa hiyo picha moja kila mita 15, na njia moja hadi nyingine ni mita 29. Njia nane, mwendo wa mita 5 kwa sekunde, picha kila sekunde 3.

Kamera iko kwa 1/1000 ya sekunde. Katika muda huo droni husogea milimita 5, chini ya robo ya pikseli. Ingekuwa 1/100, ingesogea sentimita 5 na ramani ingekuwa na ukungu.

Imechukua dakika 8 na sekunde 10 pamoja na kupanda na kutua, picha 112, mAh 2,600. Bado nusu ya betri. Mbao tano za nusu mita zenye alama ya X zimewekwa ardhini kwenye nafasi zilizopimwa kwa GPS ya upimaji. Bila hizo ramani ingekuwa nzuri kwa umbo lakini imehama mita mbili au tatu kutoka mahali pake.

Kiwanja kama hiki kikipimwa kwa miguu huchukua siku nzima. Kwa eneo kubwa zaidi propela nne si chaguo zuri, kwa sababu zinatumia umeme mwingi kwa kukaa tu hewani. Bawa hubeba uzito kwa mwendo, hivyo droni za mabawa ndizo zilizotumika kupiga ramani ya visiwa vya Zanzibar tangu 2016, na ndizo zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu mwaka huohuo, zikidondosha kifurushi kwa parachuti bila kutua.

Siku ya 20: hatari, kwa vipimo

Droni ya kilo 1.47 ikianguka kutoka mita 60 huwa na nishati ya jouli 865 kabla ya hewa kuipunguza. Hata hewa ikiizuia isizidi mita 20 kwa sekunde, bado ni jouli 290. Kanuni ya chini kabisa ni kutoruka juu ya mtu, hata rafiki anayekubali, na njia za ramani zimewekwa hivyo.

Kugongana na ndege yenye abiria ndiyo hatari kubwa zaidi kwa wengine. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, London, ulisimamishwa kwa taarifa za droni kuonekana; safari 1,000 hivi na abiria 140,000 waliathirika. Nchi nyingi huweka dari ya mita 120, hutaka rubani aione droni kwa macho yake, na huzuia kuruka karibu na viwanja vya ndege. Kibali na usajili huangaliwa kabla ya siku ya kazi.

Faragha pia ina kipimo. Kwa mita 60 uso wa mtu ni kama pikseli 7, huwezi kumtambua. Kwa mita 10 ni pikseli 40 na zaidi. Kuteremka kuelekea nyumba za watu kunabadilisha chombo kutoka cha ramani kuwa cha kuchungulia, bila kubadilisha hata skrubu moja.

Upepo: droni yenye kasi ya juu ya mita 12 kwa sekunde ikiwa na upepo wa 10 usoni, hurudi kwa mita 2 kwa sekunde. Umbali wa mita 400 ni sekunde 200, na betri haisamehe. Kwa hiyo safari huanzwa kwa kwenda dhidi ya upepo na kurudi nao mgongoni. Upepo ukizidi mita 8 kwa sekunde ardhini, kazi huahirishwa. Juu huwa mkali zaidi.

Siku ya 23: yaliyobaki

Betri ya pili ina seli moja iliyo nyuma ya nyingine kwa volti 0.06 baada ya kuruka. Imewekewa alama ya chaki na itatumika mezani tu. Mota 4 ina mlio mwepesi wa beringi; itabadilishwa beringi kabla droni haijafikisha jumla ya saa kumi za kuruka. Mlingoti wa GPS umelegea kidogo baada ya kutua mara sita, utafungwa upya kwa gundi ya nati. Kisha kiwanja cha pili, chenye mteremko: urefu wa kuruka lazima ufuate ardhi, la sivyo pikseli zitatofautiana kutoka kona moja hadi nyingine.